Maoni ya Pembeni kwenye Barua ya Posa

Mfaume, nimekwisha.

Ile barua ya posa uliyonirekebishia kwenye laptop, kumbe uliandika maoni pembeni? Kwenye simu yangu hayakuonekana hata moja! Nikaituma steshenari Masoko vilevile.

Kompyuta yao imeyafungua yote. Na wameyachapa yote. Kwa rangi!

Mjomba hakuisoma, kaitia kwenye bahasha kaenda nayo Pande. Ukweni wakampa kaka yake binti aisome mbele ya wazee. Kasoma mpaka ya pembeni: "Mzee mchoyo huyu, msifie kwanza." Mzee mwenyewe kakaa pale, Mfaume! Pale pale!

Jina lako limechapwa kwenye kila maoni. Mzee kasema majibu ya posa uyafuate wewe.