Kigoda cha Pili

Shanwe, Mpanda

Mdogo wangu Aneth,

Karanga za huko Kasekese mmeshavuna? Na kifua cha mama? Hapa mvua imekata, na kuku wa jirani yangu Sauda wametotoa.

Kazi ipo. Shemeji Rafaeli anaunda viti vya mninga, mimi nasuka ukindu pa kukalia na pa kuegemea, kwa ua lile lile la mkeka wa mama. Wateja wa Dar wanakipiga picha kiti, wananipiga na mimi, wanasema nina bahati.

Tangu tumzike mume wangu naomba kurudi nyumbani. Shemeji anajibu kwa upole, "Malizia kwanza oda hii." Oda haziishi. Wifi alijaribu kujifunza, ua likamshinda. Simu yangu anakaa nayo shemeji, ndiyo maana barua hii kaibeba Sauda.

Jana shemeji aliniletea soda, akasema, "Mwite mdogo wako. Akiishika kazi, wewe nenda zako."

Nilifurahi, Aneth, Mungu anisamehe. Nilisuka nikiimba.

Leo asubuhi nimekuta kigoda kipya kando ya changu. Angekuwa ananiachia kweli, wewe ungekalia hiki changu.

Wakikupigia wakasema naumwa, nakuita, usije. Waambie hujui kusuka. Na ule mkeka uliousuka wewe, ulioko sebuleni, uviringishe uufiche leo hii.

Msalimie mama. Mwambie niko salama.

Dada yako,
Restituta