Ndugu Yake Tobia

Jumatano, usiku.

Huu mdomo wangu utanitia pabaya. Leo nimewapeleka wageni wa bara pale Kengeleni, nikawaeleza kwamba kengele ile ilipigwa kuwaonya watumwa walioachwa huru kila wakamataji walipokaribia. Hayo ni kweli. Halafu nikanogesha, maana mimi kwa kunogesha hunipati: "Na babu yangu Tobia ndiye aliyekuwa akiitunza!"

Bi Kezia, anayeuza viazi karai hapo kando, akaacha karai lake motoni.

"Tobia? Ndugu yangu Tobia aliyekwenda Tanga asirudi?" Akanishika mashavu. "Pua ndiyo hiyo hiyo!"

Wageni wakapiga makofi. Ningesema nini mbele yao?

Akalia, mama wa watu. "Wazee wetu waliletwa hapa bila ukoo, mwanangu. Tobia ndiye pekee niliyekuwa naye." Akataka nambari yangu, akanipa yake, na Jumapili niende kula kwake.

Huyo Tobia nilimzua tu; babu yangu hasa alikuwa mgema wa Kaloleni. Kengele hata kuigusa hajaigusa.

Nimegeukageuka kitandani mpaka nimechoka. Nilimpigia Bi Kezia simu mara mbili nikakata. Mara ya tatu nikaapa nitasema ukweli, wallahi, kisha anitukane apendavyo.

Akapokea upesi. "Abee, mjukuu wangu! Nilikuwa nakuwaza. Jumapili nikupikie wali wa nazi ama pilau?"

Nikamsikia akivuta pumzi, akingoja.

"Pilau, nyanya," nikasema.