Bingwa wa manati awinda pimbi

Binamu Rashidi, salamu kutoka kwenye baridi ya huku kusini, inayogonganisha meno.

Kosa ni langu. Nilimsimulia mpwa wetu Omari tulivyokuwa tukiangusha njiwa kwa manati, naye akanitangaza mtaa wake mzima wa Mayfair kuwa ni mwindaji. Jana nikajikuta nimelala kifudifudi shambani kwa mkulima anayemuuzia Omari vitunguu, na bunduki yenye darubini mkononi. Pimbi wanaommalizia mboga walikuwa wanaota jua juu ya mawe, umbali wa mita mia tatu.

"Darubini kashairekebisha kwa umbali huo," Omari akanitafsiria maneno ya mkulima. "Mlenge yeye tu."

Nani wa kunifundisha mimi? Kwa manati, shabaha ya mbali hulengwa juu yake! Nikainua mtutu, nikapiga bismillahi, nikafyatua.

Risasi ikapita juu ya pimbi, ikatoboa tangi la maji kilimani.

"Eish, mjomba!" Omari akajifunika uso kwa kofia.

Maji yakatiririka mpaka maweni. Pimbi waliojificha kwa mshindo wakatoka na watoto wao, wakanywa wakatosheka. Mkulima akawatazama, kisha akamwambia Omari aniulize kama kwetu tunawafuga.

Nibusie wanao. Barazani wakiuliza, waambie nimepiga kitu kikubwa kuliko pimbi. Usiwaambie ni nini.

Nduguyo, Hamadi