Mbwa Alipobweka

Simiyu mjukuu wangu,

Hapa Kamukuywa tu wazima, ila goti la nyanya yako linamsumbua. Huko Kitale nasikia baridi imezidi, vaa sweta.

Umeniuliza kwa nini sikuenda kumzika jirani yetu, Mzee Wanjala. Nitakuambia wewe peke yako.

Dada yangu mdogo, Nekesa, alipotea akiwa na miaka sita. Alitumwa chumvi sokoni, hakurudi. Wanjala, wakati huo kijana, alimtafuta pamoja nasi hadi Lwakhakha mpakani. Jioni moja alikuwa akinywa chai kwetu. Mbwa akabweka, na sote tukageuka kutazama lango, hata mama akiwa na sufuria mkononi. Wanjala hakugeuka. Aliendelea kunywa chai yake.

Nikajiuliza: huyu anajua nini? Mbona yeye hamtarajii Nekesa? Sikumwambia mtu, lakini tangu siku hiyo sikuwahi kula kwake, na watoto wangu niliwakataza kupita shambani mwake. Miaka yote hiyo nilimchunguza tu. Sikupata kitu.

Siku ya mazishi yake nilibaki nyumbani na chai yangu. Mbwa akabweka. Nyanya yako akasema, "Si uangalie ni nani?" Ndipo nikagundua kikombe kiko mdomoni, na sijageuka.

Sijui ni lini niliacha kumngojea Nekesa.

Ukija Disemba, unisindikize kwenye kaburi la Wanjala. Bado simwamini sana, lakini twende.

Babu yako