Picha ya Ziwa Ambayo Sikuiona

Mjukuu wangu Neema,

Huku Fittja tu wazima, mama yako bado anakimbizana na zamu za hospitali. Natumaini baridi ya huko Luleå, kaskazini, haijakushinda.

Unaniuliza nilipenda picha gani siku nilipokupeleka kwenye makumbusho ya sanaa. We mtoto! Ulikuwa na miaka miwili. Mimi nilifuata picha moja tu, ya ziwa linalofanana na letu la kule kwetu Uvira, nilikozaliwa. Wewe ulitaka kugusa kila kitu, nikakufunga mgongoni kwa kitenge. Mlinzi akaja mbio: mgongoni hairuhusiwi, nitagonga picha.

"Huyu ni mtoto, si begi!" nikamwambia.

"Mbele, mama. Mbebe mbele."

Nikakufunga kifuani, nimenuna. Kila nikigeukia ukuta, unanishika mashavu kwa mikono miwili na kunirudisha kwako. Saa nzima! Ziwa sikuliona. Niliona kidoa cha rangi ya asali kwenye jicho lako la kushoto, ambacho miezi yote ya kukubeba mgongoni sikuwahi kukiona.

Ukija Krismasi tutarudi. Safari hii utatembea kwa miguu yako, nami nitalitazama ziwa. Ole wako ukinishika mashavu.

Bibi yako