Koti la Zamu

Bruxelles, Jumapili

Baba yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Kabla hujauliza kama ninakula: ninakula, na tumbo limeanza kunitangulia mlangoni. Goti lako linasemaje na mvua hizi? Na Mama, macho yamepoa baada ya ile dawa? Mimi ni mzima, ila nina mafua, na hayo mafua ndiyo yaliyonikalisha niandike. Ningepiga simu, lakini simu ya huko anaishika Mwajuma, na dada yangu huyo akiweka sauti juu, mtaa mzima wa Buyenzi unakaa kikao. Haya si maneno ya kikao. Barua anakuletea Hamisi, mtoto wa jirani yetu Mama Zuhura. Uisome peke yako.

Unamjua mwanao. Hapa kazini, jikoni kwenye nyumba ya wazee, hakuna jambo linalotajwa nisilolijua. Wakitaja farasi, nimepanda. Wakitaja rubani, tulisoma naye, mimi niliyeishia darasa la sita. Bon, majuzi mkuu wetu wa jikoni, Monsieur Luc, akatangaza kwamba wafanyakazi tutapelekwa siku moja milimani, Ardennes, kucheza ski. Ni ule mchezo wa kujifunga mbao mbili ndefu miguuni na kushuka mlima wa theluji bila breki. Mbao na viatu vinakodishwa hukohuko. Nguo kila mtu ajitafutie. "Vaeni kitu kisichoingiza maji," akasema.

Tuliokuwa hatuna kitu ni mimi na Maman Béatrice, mama wa Bukavu ninayeosha naye masufuria. Yule mama, tangu aje Ulaya, hajawahi kwenda mahali pasipo na kazi au kanisa. Alikuwa ameshawaahidi watoto wake kule Bukavu video ya mama yao akishuka mlima kama ndege. Akaniuliza, "Issa, sasa miye nitavaa nini? Maduka ya sport iko na bei ya kuumiza mutu."

Nikapiga kifua. "Maman, umemwuliza mwenyewe. Mimi nimekulia juu ya mabalo, marobota ya mitumba, soko la Ruvumera. Nguo nikiinusa tu, nakwambia mwenye nayo alikuwa na kazi gani. Nipe Jumamosi moja, nitakuvisha mpaka theluji iyeyuke kwa wivu."

"Yesu! Bon, twende. Lakini siku yangu iko mu mikono yako. Usiniaibishe."

Tukaenda duka moja la mitumba nyuma ya uwanja wa Flagey. Hapo, Baba, nilifanya kazi. Nikavuta mishono, nikapandisha zipu na kuzishusha, nikanusa makwapa, nikainua kila koti kwenye taa nione matundu. Nikaomba kupunguziwa bei. Bibi wa duka akanitazama kama nimemwomba meno yake. Watu wakasimama kuniangalia, nami nikazidi.

Kwenye kona yalining'inia makoti ya bei rahisi kuliko yote, yale yaliyovimba, yanayong'aa, yenye kofia mgongoni, yanayolia shwa-shwa ukitembea. Maman Béatrice akachukua moja jekundu. "Na hii?"

Nikacheka. Nikacheka hadi bibi wa duka akageuka. "Weka chini, Maman! Hilo ni koti la zamu. Kwetu zamu ni mtu wa kukesha getini na rungu, na hilo ndilo vazi lake. Utasimamaje mbele ya Wazungu umevaa kama mlinzi wa usiku?"

Akalirudisha polepole. "Wewe njo unajua," akasema, akaniachia nichague.

Hapa kalamu imesimama kidogo, Baba. Nilikuwa nalicheka koti lako. Lile la bluu lenye mkanda wa rangi ya chungwa, ulilolivaa kwenye geti la yule tajiri wa Rohero miaka yote, ukitulisha. Lenye kile kikaratasi kigumu kwenye zipu, chenye picha ya mlima, ulichokataa kukikata. Mama alisema ni hirizi ya Wazungu. Wewe ukasema, "Kimekuja na koti, kiacheni kikae na mwenzake." Nililicheka mchana kweupe, mbele ya mtu, na wala sikujisikia vibaya. Nilijisikia mjanja.

Nikamchagulia Maman koti refu la sufu lenye kola ya manyoya, na suruali ya kodroi. Mimi nikachukua la sufu jeusi, la waziri kabisa, na jinzi, na glavu za ngozi. Maman akaipapasa ile sufu. "Na maji? Chef alisema maji."

"Maman, theluji si maji. Ingekuwa maji wangeiita mvua."

Siku ikafika. Basi likasimama, mlango ukafunguka, nikatazama nje, moyo ukashuka hadi kwenye soksi. Mlima mzima umejaa mazamu! Watoto, mazamu. Mabibi wenye mvi, mazamu. Monsieur Luc akatoa mfukoni kofia, akafunga koti lake la zamu mpaka kidevuni, akanitazama juu mpaka chini. "Issa," akasema, "unakwenda kumzika nani?"

Wakacheka wote. Nami nikacheka, ningefanya nini?

Pale kwenye kamba inayowavuta watu kupanda juu, kijana wa kazi alikuwa anamfungia kila mtu kikaratasi kigumu kwenye zipu. Kina picha ya mlima. Nilikitambua kabla hajanifikia. Akanishika koti, akatafuta. "Zipu yako iko wapi?" Nilikuwa na vifungo vitupu, Baba. Vifungo vya waziri. Akaniwekea kikaratasi kiganjani kama mtu anayempa mtoto nauli.

Maman Béatrice alianguka kabla hata ya kufika kwenye kamba. Akainuka, akaanguka. Ile sufu ikanywa, kodroi ikanywa, mpaka nguo zikawa nzito kuliko yeye. Vidole vikakataa kushika simu. Nikamwingiza kwenye kibanda cha chai, akakaa karibu na jiko, mvuke ukimtoka, ananuka kondoo. Hakunigombeza. Alitazama dirishani wenzetu wakishuka, akasema tu, "Siku yangu njo hii, Issa?"

Nikatoka nje. Nikaenda kwa yule kijana wa kamba nikamwomba, na tangu nije Ulaya ndiyo mara ya kwanza nimeomba bila kutia mzaha. Akaingia kwenye kijumba chake akatoa koti lake la akiba na suruali yake, vimechakaa, vina mafuta ya mashine. Maman akavaa, tukaenda kwenye kilima cha watoto, nami nikashika simu. Alishuka akimwita Yesu kwa sauti ambayo nadhani Bukavu waliisikia bila simu. Mwisho akaanguka chali, akabaki hapohapo anacheka. Watoto wake wameiona video. Hiyo peke yake ndiyo ninayoweza kukuandikia bila kuinamisha uso.

Ndani ya basi akaniambia, "Eh, koti ya zamu iko na moto! Kwenu nani alikuwa anavaa hii?"

Kazini nimewaambia wote una maduka mawili, Baba. Nikamwambia, "Baba yangu."

Akanigeukia. "Na uliicheka?"

Nikalivua lile koti langu la waziri, nikalikunja, nikalisukuma chini ya kiti.

Jana nilirudi lile duka. Lile jekundu bado lilikuwepo. Sikunusa, sikuvuta mishono, sikuomba kupunguziwa. Nalivaa kwenda kazini, linalia shwa-shwa ndani ya tramu, na kile kikaratasi nimekifunga kwenye zipu yake. Kumbe ni ruhusa ya kupanda mlima. Kama koti lako bado lipo, chako kiache kilipo. Na unisamehe.

Mama mwambie haikuwa hirizi. Msalimie Mwajuma, apunguze sauti ya simu. Shangazi wa mandazi, mwambie sijapata mengine kama yake. Na baba mdogo fundi baiskeli, mwambie hata huku breki zinahitajika.

Mimi mwanao,
Issa, mtoto wa zamu