Meno makumi tatu na munane kwa milima ya Butembo

Butembo, Jumamosi, siku ya posho

Papa yangu mupendwa,

Mbote mingi. Mugongo yako inaendelea namna gani? Mama angali anakukataza kuinamia bakinga ya batu, zile baiskeli zenye kuharibika, mu jua kali? Mimi niko muzima, lakini roho inachemuka, na ni wewe tu, fundi ya batoleka ya Kisangani, zile kinga za kubeba batu, utanisikia vizuri.

Unajua sisi banesi ya chanjo tunapanda milima ya huku na glacière, ile sanduku ya barafu ya chanjo, mugongoni. Basi mufadili mumoja alitupatia bakinga ya VTT, ya kupanda milima. Nyuma pinio kumi, vile visahani vya meno, mbele plato moja tu, ile sahani kubwa yenye pedali, na logisticien wetu wa biro, mwenye kutuagizia vyombo, njo alipaswa kuchagua ukubwa ya ile plato. Nilimuambia: "Chef, kama mbele ni plato moja, hauna ingine ya kukuokoa. Chagua kufuatana na mulima mubaya kuliko yote, hapana kufuatana na barabara ya goudron, ile ya lami. Meno makumi mbili na munane inatosha, meno kidogo njo inapanda mwepesi."

Alicheka mbele ya banesi bote. "Mama Béa, wewe ni mutu wa sindano. Meno kidogo ni ya batoto. Tunatia makumi tatu na munane, kinga itakimbia!"

Kukimbia! Papa, ule mutu anatoka biro na kinga mupaka kwa muuza mikate, kwa goudron, anarudi. Yeye njo anajua mulima?

Siku ya chanjo nilikuwa napanda kwenda kijiji kimoja juu ya Bulengera. Nilitia pinio kubwa kabisa ya nyuma, bure. Magoti ilikuwa inalia. Nilisimama juu ya pedali, nikakanyaga na uzito yangu yote, sheni, ule munyororo, ikakatika. Nilianguka mu matope, glacière ikafunguka, barafu yote ikamwangika. Nilisukuma kinga na mikono mupaka kule juu, lakini nilipofika chanjo ilikuwa imekwisha kupata joto. Bamama bengi balikuwa bamekwisha kurudia kwao. Mumoja tu, Masika, alikuwa angali ameketi na mapacha yake. Alitembea tangu asubui. Nilimuambia chanjo haiko. Alifunga mutoto mumoja mbele, mumoja mugongoni, akashuka. Heri angenitukana.

Kesho yake, nilikuta nini kwa meza yangu? Demande d'explication! Karatasi ya kunidai nijieleze sababu gani nimeharibisha chanjo "kwa uzembe". Mimi! Na signature ni ya nani? Yake yeye, logisticien.

Sikuandika jibu, Papa. Nilichukua kinga, sheni ilikuwa imekwisha kufungwa tena, na glacière yenye kujaa, nikaenda kwa docteur mukubwa wetu, nikamukuta na logisticien. "Docteur, nitajieleza. Lakini huyu chef apande kwanza mulima ya nyuma ya hospitali na hii muzigo."

Docteur alimugeukia logisticien. "Panda, basi."

Alipanda. Hakufika hata nusu. Alishuka, akasukuma, shati imelowana, akasema sheni ndiyo mubaya.

Sheni!

Docteur alipasua ile karatasi. Kambale, fundi wa kinga wa Bulengera, alitia plato ya makumi mbili na munane, ile yenye jino moja nene, moja nyembamba, kusudi sheni isiruke. Alikata pia vipande mbili ya sheni, maana ilikuwa imekuwa ndefu. Kwa muteremuko kinga haikimbii sana tena. Na nani anakanyaga pedali kwa muteremuko? Juma hii nilipanda mupaka juu bila kushuka. Masika alirudi. Nilichanja mapacha bote babili, bakapiga makelele, na ile makelele ilinifurahisha. "Wasingya," aliniambia. Asante. Nilisikia haya, maana mara ya kwanza nilimurudisha mikono mitupu.

Lakini usizani nimepoa. Jana kwa mukutano logisticien alisimama, akaeleza namna biro "ilifanya étude", eti ilichunguza kwanza, na ikachagua makumi mbili na munane. Batu bakapiga makofi. Na mimi nilipiga, mara moja tu, kwa nguvu, mupaka akageuka akaniangalia. Alikaa chini bila kumaliza.

Unisalimie Mama, na dada yangu mukubwa wa soko ya samaki, na mujomba mwalimu. Kaka mudogo anayejifunza kazi kwako, umuambie ahesabu meno yeye mwenyewe, hata kama chef amekwisha kuhesabu.

Mutoto wako, mwenye hasira na mwenye kukupenda,
Béa